Shajara ya meza ya vuli, Minneapolis

Jumamosi, 20 Septemba

Mradi wenyewe ni kuipamba meza yetu ya kulia kwa ajili ya vuli, kuanzia sasa majani yanapoanza kugeuka rangi hadi Sikukuu ya Shukrani, yaani Alhamisi ya nne ya Novemba kama Bunge la Marekani lilivyoipanga mwaka 1941. Bajeti ni dola 60. Wadogo zangu walioko Ujerumani na Kanada wameniomba niandike hatua kwa hatua, nami nimekubali kwa sababu nimetazama picha nyingi za meza za vuli na karibu zote zina upungufu uleule: hazina mahali pa kuweka chakula.

Kabla ya kununua chochote nimepima. Meza ina urefu wa sentimita 180 na upana wa 90. Kila mlaji anahitaji upana wa sentimita 60 hivi ili viwiko visigongane, kwa hiyo wanakaa watatu kila upande na mmoja kila kichwani, jumla wanane, na ndio tutakaokuwa siku ya sikukuu. Kwa kwenda mbele, sahani, glasi na mkono vinataka sentimita 35. Toa 35 mara mbili kwenye 90, zinabaki 20 katikati. Hizo ndizo za kuchezea.

Katika nyumba nyingi za hapa, siku ya sikukuu chakula hupangwa jikoni au kwenye meza ya pembeni. Kila mtu anajipakulia, kisha anakwenda kukaa. Wao wakijaza katikati ya meza maboga na vinara, haidhuru. Kwetu chakula chenyewe kinakuja mezani: sinia la pilau, kachumbari, mchuzi, ndizi mbivu, pilipili ya kusaga. Na kabla ya hapo birika la kunawia linazunguka, na anayenawisha lazima apate pa kupitisha beseni. Mgeni hawezi kula amebana mikono kama yuko kwenye daladala.

Masharti niliyojiwekea basi ni haya. Mapambo yote yakae juu ya ubao mmoja mwembamba ambao watu wawili wanaweza kuunyanyua na kuuhamishia dirishani chakula kikifika. Kisiwepo kitu kinachozidi sentimita 30 kwenda juu, maana watu wanaokaa kuangaliana wanataka kuonana nyuso. Mezani pasiwe na harufu ya dukani. Iliki na mdalasini wa pilau havitaki mshindani. Na kila kitu kitoke shambani, mtini au kabatini mwangu. Majani ya plastiki siyataki.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga mwezi wa nane, alisikiliza haya yote huku akichambua mchele, kisha akauliza: "Mwanangu, kwetu majani makavu twayafagia uani kila asubuhi. Wewe wataka kuyaleta mezani?"

"Ndiyo mama. Subiri uyaone yakigeuka."

"Haya. Mungu akitujaalia uzima, tutayaona."

Jumapili, 28 Septemba

Leo tumekwenda soko la wakulima la Minneapolis, pale Lyndale, asubuhi kabla watu hawajajaa. Wauzaji wengi ni Wahmong, ambao wazee wao walikuja kutoka Laos baada ya vita, na kwa mtu wa pwani wao ni neema: wana mchaichai, pilipili kali, na majani machanga ya maboga yaliyofungwa mafungu safi kabisa. Tumenunua mafungu mawili kwa mboga ya usiku, na hayo sikuyahesabu kwenye bajeti.

Ya mradi ni haya: maboga madogo sita ya rangi ya chungwa, yale yanayoenea kiganjani; meupe mawili; bapa moja la kijivu lenye mbavu; mawili ya shingo ndefu; vibuyu vichache vya mapambo vyenye chunjua; mahindi sita ya rangi, yakiwa na maganda yake; na shada la masuke ya mtama. Jumla dola 34.

Mtama mama mkwe aliuona kabla yangu, akausogelea na kuushika. "Huu si mtama huu?" Ni mtama kweli, aina inayolimwa kwa ajili ya mafagio: suke lake lina nyuzi ndefu zilizoachana badala ya kichwa kilichoshikamana, na punje zake ni nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Mtama asili yake ni Afrika, ukavuka bahari kuja huku. Boga asili yake ni huku Amerika, likavuka kwenda kwetu hadi tukalifanya futari. Hapo sokoni vimepangwa bega kwa bega, na mama mkwe alifurahi sana nilipomweleza. Tangu hapo ameacha kuuliza maswali ya majani, ameanza kutoa maagizo.

Kuhusu kuchagua boga litakalodumu: kikonyo kiwe kizima, kikavu na kigumu. Likikatika kikonyo, uozo unapata mlango, ndiyo maana boga halinyanyuliwi kwa kikonyo, hubebwa chini. Bonyeza ganda kwa ukucha; likikubali kupenya, bado ni changa, la kula wiki hii. Nimeyafuta yote kwa maji yenye bleach, yaani dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa tisa za maji, nikayakausha vizuri. Hilo huchelewesha ukungu. Yanapenda ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, kwa hiyo usiku nayapeleka ukumbi wa nyuma, na tufaha nayaweka mbali kabisa, kwa sababu tufaha hutoa hewa inayoyaharakisha kuzeeka.

Jambo moja la hatari lazima niliandike. Vibuyu vya mapambo si chakula. Vina uchungu ambao ni sumu, nao uchungu huo hautoki kwa kupika. Nimevitenga kwenye kapu lake na kumwonyesha kila mtu nyumbani. Na hata boga la kawaida, ukilionja likawa chungu, tema na utupe lote.

Kuna kitu nilikipenda sana kwa macho nikakiacha: matawi makavu yenye vitunda vya rangi ya chungwa vilivyopasuka. Yapo ya aina mbili. Ya hapa asilia huzaa vitunda kwenye ncha ya tawi tu. Ya kutoka Asia, Celastrus orbiculatus, huzaa njia nzima kwenye vikwapa vya majani. Huo wa Asia ni mtambaa unaonyonga miti mizima, na Minnesota imeuweka kwenye orodha ya magugu yaliyopigwa marufuku. Ndege wakila vitunda ulivyotupa uani, msitu wa jirani umekwisha. Na vitunda vyenyewe ni sumu kwa mtoto. Sivitaki mezani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mepo wa uani, mti ambao hapa huitwa maple, umewaka. Tumetoka wote kuokota, na mama mkwe alisimama chini yake kitambo bila kusema, kisha akasema, "Subhana'llah." Upande unaopata jua ni mwekundu, wa ndani ni wa njano, na chini kabisa bado kijani, mti mmoja.

Inafaa kujua kinachotokea, kwa sababu ndicho kinachoamua jani lipi litabaki na rangi yake. Siku zikifupika, mti hujenga ukuta mwembamba wa seli mahali kikonyo kinaposhika tawi, mawasiliano yanafungwa, na ule ukijani unavunjika. Njano ilikuwamo ndani ya jani tangu masika, imefunikwa tu. Nyekundu ni mpya: hutengenezwa sasa hivi kutokana na sukari iliyonasa ndani, na hutaka mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Kwa kuwa ni rangi ya majimaji, nyekundu ndiyo inayofifia upesi jani likikauka polepole au likikaa juani. Njano ni sugu zaidi. Mwaloni, ambao unageuka mwishoni, hubaki na hudhurungi yake kwa muda mrefu bila kutendewa chochote.

Kwa hiyo tumeokota ya leo leo, yaliyoanguka usiku na bado laini, yasiyo na madoa meusi. Tumeyagawa mafungu manne ya kujaribu.

La kwanza, katikati ya magazeti chini ya vitabu vizito, magazeti yakibadilishwa kila siku mpaka yakauke. La pili, katikati ya karatasi mbili zenye nta, juu yake kitambaa, kisha pasi ya moto wa wastani. La tatu, gliserini, ile ile tunayojipaka: kipimo kimoja kwa viwili vya maji ya moto, matawi madogo yenye majani ambayo bado yameshika vizuri yakasimama humo yakinywa. Hapa lazima jani liwe bado linaweza kunywa. Likishakuwa jekundu lote, njia imefungwa na gliserini haipandi. La nne, nta ya nyuki.

Nta niliisimamia mwenyewe. Haiyeyushwi juu ya moto moja kwa moja, inashika moto. Nimeiweka kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Huyeyuka ikifika kama nyuzi 63. Unashika jani kwenye kikonyo, unalichovya mara moja, unalitoa, unalitikisa mara mbili ili ziada idondoke, unalilaza juu ya karatasi ya kuokea. Ndani ya dakika moja limegeuka kutoka kung'aa kama limelowa kuwa na ule ung'avu tulivu wa ngozi iliyopakwa mafuta. Mishipa yote inaonekana. Binti yangu alitaka kuchovya ya kwake. Nilimshika mkono, tukachovya pamoja.

Njugu za mwaloni nazo tumezikusanya bakuli zima. Nyingi zina funza ndani wasioonekana, ambao wangetoka na kutembea mezani baada ya wiki, kwa hiyo zimekaa kwenye oveni saa moja kwa nyuzi 95.

Jumapili, 12 Oktoba

Matokeo. Ya vitabuni yana rangi nzuri kuliko yote, ila yakikaa hewani yanajikunja, maana tumeshawasha joto la nyumba na hewa imekauka. Yanafaa kulala chini ya kitu, au kuandikwa. Ya pasi yako sawa, bapa, kidogo yamepauka. Ya gliserini yamekuwa laini unaweza kuyakunja, lakini rangi imekwenda kwenye shaba na kahawia. Mwaloni umependeza zaidi kwa njia hii kuliko mepo. Ya nta yamebaki kama yalivyokuwa, rangi na umbo la kujikunja kidogo ncha. Kwa meza, nta imeshinda, na kwa matawi ya kutandaza pembeni, gliserini. Tutatengeneza ya nta zaidi kesho kabla upepo haujamaliza kazi uani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo ni siku ya mama mkwe.

Alikuwa ameyatazama yale mahindi ya rangi wiki nzima, hasa maganda. Akauliza kama naweza kupata maganda matupu, mengi. Yapo: maduka ya Wameksiko pale Lake Street huuza maganda makavu ya mahindi kwa ajili ya kufungia tamale, chakula chao cha unga wa mahindi, pakiti kubwa kwa dola nne. Nikamletea mbili.

Ameyaloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yakawa laini kama kitambaa, akayakung'uta, kisha akachukua sindano na kuyachana chane, upana wa nusu kidole, zote sawa bila rula. Nusu amezichemsha na maganda ya vitunguu maji tuliyokuwa tukiyaweka, zikatoka rangi ya chungwa iliyokolea upande wa udongo. Halafu akakaa chini, mgongo kwenye kochi, akaanza kusuka ukili, ule utepe mrefu wa kushonea mikeka.

Ganda la mahindi si mwaa, yale majani ya mkindu ya kusukia. Ni fupi, urefu wa kiganja kimoja tu, kwa hiyo karibu kila baada ya mapindo manne lazima chane mpya iingizwe, na ukiingiza zote mahali pamoja ukili unavimba hapo. Yeye anazipishanisha: hii inaisha hapa, ile inaisha mbele kidogo, na ncha mpya analaza juu ya ile ya zamani kwa mapindo mawili kabla ya kuiacha ya zamani. Alianza na chane tatu kupima nguvu, akahamia tano. Vidole vyake havisimami hata anapozungumza. Alinisimulia jinsi walivyokuwa wakisuka mikeka ya harusi barazani, kila mwanamke ukili wake, na jinsi bibi yake alivyokuwa akigundua kwa kupapasa tu ni ukili wa nani uliolegea.

"Usishone ukiwa mbichi," aliniambia nilipochukua sindano. "Ukikauka utajikunja, utaacha matundu." Kwa hiyo kili zote zimelala chini ya vitabu, vile vilivyokandamiza majani, na kesho zikikauka zitashonwa kwa kuzungushwa kutoka katikati kwenda nje, ziwe vitanga. Vitanga vinane vidogo vya glasi na vitatu vikubwa vya kuwekea bakuli za moto. Hiki hakikuwemo kwenye mpango wangu, na naona ndicho kitu bora kabisa kitakachokuwa mezani.

Jumapili, 26 Oktoba

Kitambaa cha meza. Nilikuwa na doti moja ya kanga niliyokuwa sijaikata tangu niletewe, pindo la damu ya mzee, mji wa njano iliyoiva wenye maua meusi, na jina lake: Mgeni njoo mwenyeji apone. Rangi zote za uani ziko humo.

Tatizo la kanga mezani ni kwamba jina limeandikwa upande mmoja. Ukitandika moja, nusu ya wageni wanalisoma na nusu wanaliona kichwa chini. Nimekata doti, nikapinda ncha na kushona, nikazitia kanji na kuzipiga pasi, kisha nikakunja kila moja ibaki na pindo la chini na jina tu, na kuzilaza zikipeana mgongo katikati ya meza. Sasa kila upande una pindo lake kuelekea kwa mlaji na jina lililosimama sawasawa mbele yake. Nimezisogeza kwenda na kurudi mpaka maandishi yakaangukia kati ya sahani na ubao, yasifunikwe na chochote. Urefu wa kanga ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo kila kichwa cha meza kinabaki na mbao tupu sentimita 15. Inapendeza, mbao ya mwaloni inaonekana.

Ubao ni wa msonobari, sentimita 120 kwa 18, mume wangu ameupiga msasa na kutoboa ncha zote mbili, tukapitisha kamba ya katani za kushikia. Katikati limekaa boga la kijivu, huku na huku meupe, kisha madogo ya chungwa kwa kuachana, siyo kwa mstari. Chini ya kila boga kuna kipande cha gome la kizibo, kwa sababu boga huanza kuozea tumboni lilipogusana na mbao. Masuke ya mtama yamelala ncha mbili, yakitoka nje ya ubao kidogo. Majani ya nta yamechomekwa palipo na uwazi, na njugu za mwaloni zimejaza yaliyobaki. Sehemu ya juu kabisa ni kikonyo cha boga la kijivu, sentimita 21.

Jumapili, 2 Novemba

Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama ifanywavyo hapa kila vuli. Ghafla jua linazama mnamo saa kumi na moja jioni, na siku ya sikukuu jua litazama mnamo saa kumi na nusu. Meza niliyoipanga kwa mwanga wa dirishani sasa inaliwa gizani, na chini ya taa nyeupe ya dari nyekundu yote imekuwa kahawia. Nimebadilisha balbu, nimeweka ya mwanga wa manjano, na kuishusha kwa kuongeza waya hadi ikawa juu ya meza kwa sentimita 75. Rangi zimerudi.

Mishumaa nilitaka, lakini majani makavu, nta na mtama karibu na moto ni mwaliko wa janga. Suluhisho ni maji. Bilauri tatu fupi nene, kila moja imejazwa maji na kranberi, vile vitunda vyekundu vichachu, na juu mshumaa mdogo unaoelea. Kranberi huelea zenyewe, ndani zina vyumba vinne vya hewa, na ndivyo zinavyovunwa mashambani: shamba hufurikwa maji, tunda linapanda juu, linakusanywa. Jimbo jirani, Wisconsin, ndilo linaloongoza nchini, kwa hiyo msimu huu ni bei nafuu, dola tatu mfuko. Maji nabadilisha kila baada ya siku mbili. Moto uko umbali wa kiganja kutoka jani la karibu, na mtama uko ncha, mbali.

Jumamosi, 15 Novemba

Boga moja dogo limelainika upande. Limetoka, limekwenda kwenye mboji. Majani ya nta bado yako imara. Mengine yote sawa.

Jumamosi, 22 Novemba

Mazoezi. Tumeandaa meza kamili pamoja na vyombo vitupu vyote vitakavyotumika, watu wanne wakakaa, mimi nikapita na birika na beseni. Nimeona mambo mawili. Anayenawisha anahitaji kuanzia upande wa dirisha, kwingine kiti kinagusa kabati. Na ubao ukinyanyuliwa, katikati inabaki tupu kwa muda hadi sinia lifike, kwa hiyo vile vitanga vitatu vikubwa vitakuwa tayari chini ya ubao: ubao ukiondoka, vitanga vinaonekana, na kila mwenye bakuli anajua pa kuliweka.

Binti ameandika majina ya wageni kwenye yale majani ya vitabuni kwa kalamu ya wino mweupe. Kwenye nta wino haushiki. Kwa bibi yake ameandika "Bibi" na kuchora suke la mtama.

Ijumaa, 28 Novemba

Jana imepita salama na kwa furaha. Asubuhi nimeongeza kwenye ubao tufaha za Honeycrisp, aina iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991. Kwa siku moja haziwezi kuyadhuru maboga, na watoto walikuwa huru kuzichukua. Wageni walikaa na mapambo kwanza, mishumaa ikiwaka, wakasoma majina yao, wakauliza maana ya maandishi ya kanga, na mume wangu akaeleza. Jirani zetu wawili walileta bata mzinga na bakuli la ule mchele mweusi wa maziwani, nafaka rasmi ya jimbo hili tangu 1977, ambao Waojibwe, wenyeji wa asili wa hapa, huuvuna wakiwa kwenye mitumbwi kwa kupiga masuke yaangushe punje. Wifi alikuja na samaki wa kupaka.

Kisha birika likazunguka. Mimi na wifi tukashika kamba za ubao, "Haya, bismillahi," tukaunyanyua ukiwa na kila kitu chake, mishumaa tukiwa tumeizima, tukauweka juu ya kabati la dirishani. Haikuchukua hata robo dakika. Sinia la pilau likatua, kachumbari, samaki, mchele wa maziwani, kila bakuli na kitanga chake. Kila mtu alikuwa na nafasi ya mikono na hakuna aliyeuliza pa kuweka glasi. Baada ya kula tukafuta, tukarudisha ubao kwa ajili ya chai na mkate wa boga wa jirani.

Jirani mmoja alikigeuza kitanga chake huku na huku, akatafuta mshono asiuone, akauliza kimetengenezwa na nani. Mama mkwe alitaka aambiwe namna ya kuloweka. Tafsiri ilikuwa kazi yangu kwa nusu saa nzima, na mwisho walikuwa wanaonyeshana kwa vidole tu. Jumanne jirani atakuja na maganda yake.

Jumapili, 30 Novemba

Kubomoa. Maboga ya shingo ndefu na la kijivu yamo jikoni. La kijivu lina nyama nene kavu ya rangi ya yai, limepikwa kwa tui zito, chumvi na sukari kidogo, na mbegu zimeoshwa na kuanikwa kukaangwa kesho. Madogo ya chungwa mengine yamelainika, yamekwenda kwenye mboji pamoja na majani; nta ya nyuki huoza yenyewe. Vibuyu vya mapambo vimebaki kwenye kapu lake ukumbini vikauke. Vikiwa vyepesi na mbegu zikicheza ndani, vitadumu. Mahindi ya rangi nimeyatundika nje kwa ndege, na punje za mtama nazo.

Kanga zimefuliwa kwa maji baridi na kuanikwa ndani. Matumizi ya mwisho: dola 57, pamoja na nta, kranberi, maganda, balbu na mbao. Kwa anayetaka kuanza mwaka ujao, fedha za kwanza ziende kwenye ubao na mwanga, kisha nta. Maboga nunua machache ambayo utayala.

Ubao umeegemezwa nyuma ya kabati. Mwezi wa kumi na mbili utabeba matawi ya msonobari na koni zake, na mama mkwe ameshaagiza pakiti nyingine nne za maganda.